Mkate wa Taifa na Mtu wa Kabatini

Mtaka cha mvunguni huinamisha mwenzake. Ndivyo tunavyosema sisi watu wa Jamhuri ya Kadirini, na kama kwenu mnasema vingine, basi bila shaka kwenu hakuna Baraza la Vipimo na Ulinganifu.

Ndugu wasikilizaji wa Redio ya Taifa, naitwa Restituta. Mimi ni msimamizi wa Nyumba ya Tuamke, nyumba ya soba iliyoko nyuma ya machinjio ya zamani. Kwetu wanaishi watu walioacha unga, gongo na vidonge, na ambao huacha tena kila wanapoamka, maana mambo haya hayaachwi mara moja yakaachika. Nimeletwa hapa studioni na askari wawili wenye adabu sana ili niombe radhi kwa kuvunja Kielelezo cha Taifa. Mtangazaji wetu, Bwana Krizanti, amenivutia kiti, amenipa maji, na amenieleza kwamba kwa taratibu za kituo, mkosaji hueleza kosa lake kwanza, radhi hufuata, kisha unapigwa wimbo wa taifa. Basi nitaeleza.

Wageni mnaotusikiliza kutoka nje ya mipaka pengine hamjui mila yetu ya radhi. Kwetu, jambo likiombewa radhi redioni, kisheria huwa halikutokea. Daraja la Mto Lumbwe lilipoanguka, waziri mhusika aliomba radhi mara baada ya taarifa ya habari, na tangu hapo daraja lipo. Mabasi bado yanapangiwa kupita pale. Abiria hushuka ukingoni, hulisifu daraja, kisha huvuka majini kwa miguu wakiwa wameshika viatu mkononi. Ni mila nzuri. Imetuletea amani kubwa.

*

Baraza la Vipimo na Ulinganifu linaongozwa na Mheshimiwa Injinia Daktari Hezroni Makwilo, mtu mrefu, msafi, asiyecheka kwa sababu hakijapatikana bado kielelezo cha kicheko. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kitu hakina kiwango mpaka mfano wake mmoja, usio na doa, uwekwe ndani ya Ukumbi wa Vielelezo. Humo imo Kilo ya Taifa, ya shaba. Imo Mita ya Taifa. Na umo Mkate wa Taifa.

Mkate huo uliokwa mwaka wa uhuru. Wazee wanasema ulikuwa laini na ulinukia mpaka barabarani. Leo ni mwamba. Lakini kielelezo ni kielelezo, kwa hiyo wakaguzi hupita madukani, huugonga mkate wa mwokaji kwa nyundo ndogo, kisha huulinganisha mlio wake na mlio wa Mkate wa Taifa. Ikitofautiana, tanuri hufungwa. Waokaji ni watu wenye watoto. Walijifunza kutia mchanga na chokaa. Mkate laini huuzwa chini ya kaunta, umefungwa gazetini, na mnunuzi huangalia nyuma kwanza. Kuna watoto mtaani kwetu wanaodhani mkate laini ni aina ya bangi.

Nayasema haya ili mjue kwamba tulipoomba viwango vya nyumba za soba, tulijua tunaomba kwa nani. Tuliomba hata hivyo. Hali ilikuwa mbaya. Zilikuwapo nyumba ambako watu walifungwa minyororo miguuni, wakapigwa kila walipotetemeka, na ndugu zao wakaambiwa hiyo ndiyo tiba. Kubwa kuliko zote ilikuwa Makao ya Amani Kuu, ya Bwana Bonifasi Ngwira, muuza ng'ombe aliyegundua kwamba zizi lake lina matumizi mengine.

Nilikwenda kwenye Baraza mwenyewe, nimevaa gauni la kanisani. Nikasema: mtu asifungwe; mtu asipigwe; kila mtu awe na kitanda chake; na mlango ufunguke kwa ndani.

Mheshimiwa Makwilo alifumba macho kama anayesikiliza kwaya inayoimba vibaya.

"Bi Restituta, hayo si viwango. Hayo ni matamanio. Nionyeshe kielelezo."

"Kielelezo cha nini, Mheshimiwa?"

"Cha mtu soba. Tutajuaje kwamba nyumba inatoa watu soba kama hatuna mtu soba wa kulinganishia?"

"Mheshimiwa, watu hawalingani."

"Hata mikate ilikuwa hailingani," akasema kwa huzuni, "kabla yangu."

*

Msako wa Mtu Soba wa Taifa ulianza juu, kama heshima inavyotaka. Walipimwa mawaziri wote kwa pamoja, na matokeo yakafungiwa kwa ajili ya usalama wa nchi. Wakafuatwa viongozi wa dini, lakini kila mmoja alikataa kupimwa kwa chombo kilichogusa kichwa cha mwenzake. Ndipo msafara ukaja kwetu Tuamke, mchana wa jua kali, na ukamkuta Athanasi.

Lazima niwaambie Athanasi ni mtu gani. Aliletwa kwetu na mama yake ndani ya toroli, miguu inaning'inia. Sasa amesimama, na nyumba nzima inajua amesimama. Hucheka kama fisi. Hugombana na watu kwenye drafti mpaka vifuniko vya soda vinaruka. Huimba bafuni nyimbo zisizofaa. Na hamu ya unga ikimjia, hakai nayo chumbani; hutoka uani akapiga kelele: "Imekuja! Imekuja!" Hapo kila mtu huacha alichoshika, mwenye sabuni usoni na mwenye mwiko mkononi, huja akakaa naye chini kwa duara mpaka iondoke. Halafu anamtukana mmoja wetu, na tunajua imeondoka. Hiyo ndiyo dawa yetu. Hatuna nyingine. Wote tunaitumia, ila Athanasi ndiye mwenye sauti.

Siku hiyo alikuwa ameshinda akipakua mifuko ya saruji kwa jirani. Alikuwa amelala chali kivulini, chini ya tangi la maji, mdomo wazi.

Mheshimiwa Makwilo alisimamisha msafara kwa kidole. Mkaguzi mmoja akapiga magoti, akatoa pimamaji, hiyohiyo ya waashi, akaiweka juu ya paji la uso la Athanasi. Wote wakaliangalia povu la hewa ndani yake. Likaenda kidogo kulia, likarudi, likatulia katikati.

"Hajatikisika," akanong'ona mkaguzi.

"Katikati kabisa," akasema mwingine, na nadhani alikuwa analia.

Nikasema, "Mheshimiwa, huyo amelala."

"Bi Restituta, huo ndio ukamilifu. Mtu akiamka tu huanza kuwa na kasoro."

Athanasi akaamka, akaona suti zimemzunguka, akaangua kile kicheko chake cha fisi. Lakini kipimo kilikuwa kimeshasainiwa. Wakamwambia ni heshima ya muda mfupi, na kwamba atapigwa picha. Athanasi anapenda picha. Aliondoka akitupungia mkono kwenye dirisha la gari kama bwana harusi.

*

Walimwekea kabati la kioo ndani ya Ukumbi wa Vielelezo. Kioo hakikutosha, kwa hiyo walivunja kabati la Mkate wa Taifa wakachukua kioo chake, na mkate wenyewe ukawekwa nje, juu ya kitambaa cha mahameli. Ndani wakatia kitanda, kiti na baridi ya mashine. Ikapigwa marufuku kumgusa bila glavu. Watoto wa shule walipitishwa kumwona kwa mistari, na mwalimu husema, "Mtazameni. Akitikisika semeni."

Kisha zikatoka kanuni. Kwa kuwa kielelezo kina kovu juu ya nyusi ya kushoto (Athanasi alianguka ukutani akiwa mdogo akiiba mapera), kila mkazi wa nyumba ya soba awe na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kwa kuwa kielelezo kimepungukiwa na jino moja la mbele, hali kadhalika. Vikafunguliwa vibanda vya makovu nje ya ofisi za Baraza. Kulikuwa na kovu la kudumu, kovu la msimu, na kovu la kukodi kwa siku ya ukaguzi, linalorudishwa jioni likiwa safi.

Ila kanuni kuu ilikuwa utulivu. Mkazi alazwe chali, pimamaji iwekwe, povu likae katikati kama la Athanasi.

Wakaguzi walianza kwa Bwana Ngwira. Wakaikuta Amani Kuu imetulia kama jina lake. Watu walikuwa wamelala sakafuni kwa mistari, wamefungwa miguu na mikono, na aliyewahi kutikisika alikuwa ameshajifunza. Povu halikucheza kwenye uso hata mmoja. Nyumba ikapata daraja la kwanza, na Bwana Ngwira akavishwa utepe wa kijani.

Wakaja kwetu. Mpishi wetu, Sikujua, ndiye aliyelala wa kwanza. Pimamaji ilipogusa paji lake alisema, "Baba, hicho kitu cha baridi, utaniua," akacheka. Aliyefuata akamcheka Sikujua. Wa tatu akawacheka wote wawili. Povu likakimbia mwisho hadi mwisho kama panya aliyeona taa. Mkaguzi, kijana mwenye subira, alingoja kicheko kiishe. Hakikuisha, kwa sababu kila alipoangalia saa walianza upya.

Hukumu ikatoka: Nyumba ya Tuamke ifungwe siku ya uzinduzi rasmi wa Kielelezo, mbele ya wageni waheshimiwa, na wakazi wake wote wahamishiwe Makao ya Amani Kuu.

*

Nilikwenda kumwona Athanasi. Kabati lilikuwa na tundu dogo la kupitisha sahani, nikainama hapo.

"Da' Resti," akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "inakuja kila siku."

"Unapiga kelele?"

"Nilipiga. Wakaandika kwamba kielelezo kimetikisika. Sasa wanaleta daktari. Wanasema siku ya wageni lazima nitulie, kwa hiyo watanichoma sindano ya utulivu." Akaweka kiganja kwenye kioo. "Nimewauliza imetengenezwa na nini. Da' Resti, ni ndugu yake unga. Mtoto wa baba mdogo. Ikiingia mwilini, mimi nimekwisha, na unajua nimekwisha."

"Umewaambia?"

"Wamesema kipimo hakiulizi maswali."

Nilipanda ngazi mpaka kwa Mheshimiwa Makwilo. Nilimkuta anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nikamwambia: mtu wako soba wa taifa unataka kumlewesha ili aonekane soba.

"Unachanganya mambo mawili," akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Usoba ni hali ya ndani. Kiwango ni hali ya nje. Baraza halina mamlaka juu ya mambo ya ndani."

"Anataka kurudi nyumbani."

"Bi Restituta, uliwahi kusikia kilo ikiomba ruhusa ya kwenda kwao?"

"Kilo haijawahi kuvuta unga, Mheshimiwa."

Alifikiri kidogo. "Hilo," akasema, "ni kweli. Nitalitia kwenye hotuba."

*

Siku ya uzinduzi tulikaa safu ya nyuma, Nyumba ya Tuamke nzima, vifurushi mapajani, maana gari la kutupeleka Amani Kuu lilikuwa limeshawasha injini nje. Mbele walikaa wageni waheshimiwa na Bwana Ngwira na utepe wake. Kabati la Athanasi lilikuwa jukwaani. Kulia kwake Kilo, kushoto kwake Mkate.

Mheshimiwa Makwilo alisimama.

"Mataifa mengine," alisema, "yana dhahabu. Mengine yana mafuta. Sisi tuna wastani! Tulipima chumvi, ikanyooka. Tulipima mkate, ukakaza. Leo tunampima binadamu, kiumbe aliyeshindikana tangu uumbaji, na ninawaahidi kwamba baada ya leo hatatikisika tena! Kilo haijawahi kuvuta unga, waheshimiwa. Kwa nini binadamu?"

Makofi yalikuwa marefu. Akaingia daktari mwenye glavu, na trei, na juu ya trei sindano.

Athanasi aliiona. Akasimama ndani ya kabati, na kile kioo kilichofanya atazamwe na kila mtu hakikuweza kuzuia sauti aliyokuwa nayo.

"Imekuja!" akapiga kelele. "Imekuja!"

Nawaambia ukweli, wasikilizaji: hakuna aliyepanga. Sisi tumeshazoea. Mtu akisema imekuja, unaacha ulichoshika. Vifurushi vikaanguka. Safu nzima ya nyuma ikasimama ikaenda mbele, Sikujua akitangulia, wakawapita wageni, wakampita Bwana Ngwira, wakalizunguka kabati wakaketi chini. Na kioo kikawa katikati. Athanasi alikuwa akipiga kelele upande ule, wao wamekaa upande huu, na daktari alikuwa anapanda ngazi za jukwaa.

Nilitafuta cha kushika. Kilo ilikuwa karibu, lakini imefungwa mnyororo, kwa kuhofia wezi. Mkate haukufungwa. Nani aibe mkate ule?

Nikaubeba kwa mikono miwili. Ni mzito, ndugu zangu, mzito kama uhuru wenyewe. Nikamwambia Athanasi, "Rudi nyuma," naye akarudi. Nikaurusha.

Kabati lilimwagika lote kwa mpigo. Mkate wa Taifa uligonga sakafu, ukabingirika, ukasimama miguuni pa Mheshimiwa Makwilo. Haukumeguka hata chembe. Wageni waheshimiwa walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya ratiba, na mmoja aliuliza kama bendi itafuata. Athanasi alikaa chini katikati ya duara, vipande vya kioo kichwani, akitetemeka, na Sikujua alimshika mkono mpaka alipoinua uso akasema, "Sikujua, unanuka vitunguu, sogea."

Tukajua imeondoka. Akacheka kile kicheko, tukatoka mlangoni.

*

Hapa ndipo, ikiwa nimeelewa vizuri, kosa langu lilipogeuka kuwa kubwa.

Kanuni ya kwanza ya Baraza, iliyotungwa zamani kwa ajili ya mkate, inasema: kielelezo kikibadilika, vyote vinavyolinganishwa nacho vibadilike. Wakaguzi ni vijana watiifu. Waliandika walichokiona: kielelezo kimepiga kelele, kimecheka, kimetoka mlangoni, hakikuomba ruhusa. Kisha wakapanda gari letu lilelile lililokuwa limewashwa, wakaenda Makao ya Amani Kuu kuhakiki.

"Watu wako wanaweza kupiga kelele na kutoka mlangoni?" walimuuliza Bwana Ngwira, aliyewafuata mbio, utepe umemlegea.

"Wanaweza, lakini wamefungwa."

"Basi wafungue, tupime."

Walifunguliwa. Walipimwa. Walipiga kelele, ndugu wasikilizaji, na wakatoka mlangoni, na hakuna aliyeomba ruhusa. Wote walifaulu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuchukua cheti.

Sitawadanganya kwamba wote wamepona. Wengine wako kwetu, wamelala mpaka ukumbini, na nyumba inanuka miguu. Wengine hatujui waliko, na hilo linaninyima usingizi. Lakini popote walipo, vidonda vya minyororo miguuni mwao vinakauka. Baraza bado halijaifunga nyumba yetu, kwa sababu kwa kipimo cha sasa sisi ndio tunaofanana na kielelezo kuliko wote. Tuna kelele za daraja la kwanza.

Hivyo Serikali imeona njia ya busara ni radhi. Nikiitamka hapa, kioo hakikuvunjika. Athanasi hakutoka, yumo kabatini, na kabati jipya, nasikia, limeshakamilika. Daktari amesimama na trei yake palepale ngazini. Na watu wale hawakufunguliwa. Bwana Ngwira ameshaagiza minyororo mipya kwa matarajio mema. Yote hayo kwa neno moja, kabla ya wimbo wa taifa kufika ubeti wa pili.

Bwana Krizanti ananikonyeza. Anafunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini vidole vyake vimeachana.

"Dada yangu, sema tu. Ni neno dogo. Hata mimi niliomba radhi mwaka juzi, na wala sikumbuki ilikuwa kwa sababu gani."

"Ndiyo maana hukumbuki, kaka Krizanti."

"Nina watoto, dada."

"Na unawalisha nini? Maana chini ya meza yako kuna mkate laini. Unanukia tangu nilipoingia."

Wasikilizaji, ameondoa kiganja kwenye kipaza sauti. Anaangalia mlango, anawaangalia askari. Askari nao wanaangalia chini ya meza, na mmoja amemeza mate. Sasa Bwana Krizanti anainama mwenyewe, anauvuta mkate kutoka kwenye gazeti, anaukata vipande vinne. Unakatika kwa mkono. Askari wa kwanza ameketi. Wa pili ameketi. Tunakula, samahani kwa mlio, au tuseme kwa kukosekana kwa mlio.

Nimemaliza. Mheshimiwa Makwilo, najua unasikiliza. Mtu asifungwe, asipigwe, awe na kitanda chake, na mlango ufunguke kwa ndani. Ukikitaka kielelezo, kiko nyuma ya machinjio ya zamani, kinagombana kwenye drafti. Na cha mvunguni ukikitaka, mvungu ule pale, inama wewe.

Wimbo wa taifa mnaweza kuupiga. Mimi siombi radhi.